Majani Ambayo Mama Hakuyafagia

Enzi zetu pale Flemingdon Park, mtaa wetu wa maghorofa huku ughaibuni, mtoto hakuulizwa kama anasikia baridi. Ulivishwa sweta juu ya sweta, ukapewa chapati iliyokunjiwa maharage, ukaambiwa nenda kacheze. Tuliteleza kwenye theluji kwa maboksi ya ndizi tuliyoomba dukani, tukarudi nguo zimelowa na pua hatuzihisi. Watoto wa leo wakiona theluji wanauliza kwanza kama simu ina chaji.

Lakini ninachojivunia zaidi ni kile kipande cha ardhi nyuma ya jengo letu, hakizidi mkeka, ambapo Mama alipanda maua ya nyuki. Mama ni binti wa mrina asali wa Tabora. Ilimuuma kusikia kwamba huku nyuki hutoka siku ya kwanza yenye jua, theluji ingalipo, wakazunguka na njaa bila kuona ua hata moja.

"Mgeni afike na njaa akute jiko limezimwa? Siyo kwangu!" alikuwa akisema.

Basi majani yalipoanza kupukutika, kila akitoka kazini kwenye nyumba ya wazee alifukia vitunguu vya maua, ile mizizi minene kama kitunguu inayochanua kabla theluji haijaisha. Majirani walicheka. Msimamizi wa jengo akamwambia wazi: theluji ikiyeyuka na pale pakiwa patupu, anamwaga kokoto.

Kupanda hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuyaacha majani makavu yalale na mabua ya maua yaliyokauka yasimame, maana nyuki wa porini hujificha humo baridi yote. Nyinyi mliolelewa na mama kama wangu mnajua uzito wake. Kwetu uwanja usiofagiwa ni aibu ya mwenye nyumba. Mama, ambaye ufagio wake ndio ulikuwa saa yetu ya kuamka, alipita pale kila asubuhi akitazama pembeni.

Jumamosi moja Mama akiwa kazini, rafiki yake wa kanisani, Mama Neema wa Uvira, alipita, akaona, akashindwa kuvumilia. Alifagia mpaka udongo ukabaki mtupu, akakata mabua, akafunga yote kwenye mifuko. Mama aliporudi alimkuta amesimama na ufagio, anangoja shukrani.

"Mama Sifa," akamwita kwa jina langu, "niliona uchafu inakuwa mingi, nikasema acha nimusaidie mwenzangu."

"Ahsante, dada yangu. Ila umewatoa wageni wangu kitandani."

Alipomweleza, Mama Neema alishika mdomo. Kisha wote wawili, vitenge chini ya makoti, wakafungua mifuko na kuyarudisha majani, mabua wakayaegemeza kwenye uzio. Watu waliokwenda kituo cha basi waligeuka kutazama wanawake wazima wakimwaga uchafu uwanjani. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku jua lilipotoka, theluji ikiwa bado ukingoni mwa uwanja, maua meupe yalikuwa yameinama na ya zambarau yamefunguka. Ndani yake nyuki, miguu imejaa chavua ya manjano. Msimamizi alichuchumaa, akatazama, akaondoka. Kokoto hazikuja tena. Mama Neema alipiga vigelegele mpaka madirisha yakafunguliwa, nami nikamwambia kila mtoto wa jengo kwamba yule ni mama yangu.

Sasa tunaishi naye Scarborough, upande mwingine wa jiji. Magoti yake hayamruhusu kuchuchumaa, kwa hiyo napanda mimi. Uwanja wangu ndio mchafu kuliko yote mtaani, na wanaosema waseme. Binti yangu Rehema anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Enzi zetu ungejibu hivyo, Mama angejifanya kiziwi mpaka ujirekebishe.

Kila baridi ikielekea kuisha, Mama hukaa dirishani akiuliza, "Wamekuja?" Mwaka huu nilikuwa jikoni niliposikia Rehema akiingia mbio na viatu vyenye matope, akipaza sauti kwa Kiswahili.

"Bibi, wamekuja! Wamekuja wengi!"

Enzi zetu nyumba nzima ilipiga kelele kwa Kiswahili na hakuna aliyegeuka. Mwaka huu Mama aliacha dirisha, akamwomba mjukuu wake arudie.