Jina la Baba Mkwe

Tulia alikuwa daktari mchanga, miezi saba tu tangu aanze mafunzo ya vitendo kwenye hospitali moja ndogo nje ya Tukuyu. Mumewe, Nelson, alifanya kazi Dodoma na kuonekana Krismasi na kwenye misiba. Chumbani kwake mjini Tulia alipika ndizi za kumtosha mtu mmoja, akala na redio, akalala. Aliona aibu kulalamika: msomi, mke wa mtu, tena wa ndoa ya kanisani, analilia nini?

Kilichomuuma zaidi kilikuwa Matwebe, ukweni. Baba yake mzazi alikufa yeye akiwa darasa la nne, na aliingia kwenye ndoa akitamani kupata baba mwingine. Akapata mgongo. Mzee Ambindwile, baba yake Nelson, aliishika ukutila, ile heshima ya Wanyakyusa ambayo kwayo mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, halitaji jina lake, na akimwona njiani huingia migombani kumpisha. Wengine siku hizi wameilegeza. Mzee huyu hakulegeza hata uzi. Miaka miwili ya ndoa, Tulia hakuwahi kusikia hata "hujambo" kutoka kwake.

Jumanne moja mchana, mvua ikinyesha kama ilivyo desturi yake huko, Lutufyo, mdogo wake Nelson, aliingia chumba cha dharura amembeba baba yake mgongoni. Mzee alikuwa akikata mkungu wa ndizi, akawachokoza nyuki. Uso ulikuwa umeumuka, midomo imevimba, pumzi inapiga mluzi.

Miguu ya Tulia ilirudi nyuma yenyewe mpaka mgongo ukagusa kabati la dawa. Macho yakaenda sakafuni. Ndivyo alivyolelewa, na miguu haikuwa na habari kwamba amevaa koti jeupe.

"Shemeji, si wewe," Lutufyo alisema akihema. "Aitwe daktari mwingine."

"Dokta Boniface yuko chumba cha upasuaji. Ana mama mjamzito mezani."

"Basi tumsubiri."

Kusubiri! Sumu ya nyuki ikishapanda hivyo haina subira ya kumpisha mkwe.

Dokta Boniface ndiye aliyekuwa akimfundisha Tulia, na somo lake la kwanza liliwachekesha wanafunzi kwa wepesi wake. Mwite mgonjwa kwa jina huku unamtazama usoni. Akijibu, hewa inapita na ubongo una damu. Asipojibu, una dakika chache. Kisha sema kwa sauti unachokiona, na umtaje unayemtuma. Ukimya huua.

Siku hiyo hakuna lililokuwa zito kuliko hilo la kwanza. Tulia akainua macho.

"Ambindwile!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mzee Ambindwile, unanisikia?"

Lutufyo akageukia ukutani. Mzee alifumbua jicho moja, likamtazama Tulia moja kwa moja, lakini jibu halikuja. Mluzi tu, nao ulizidi kuwa mwembamba.

"Imakulata, oksijeni, halafu mshipa, dripu iende kasi," Tulia alimwambia nesi. "Koo linaziba. Mimi nachoma adrenalini."

Suruali ya mzee ilikuwa imelowa na kugandamana na ngozi. Akaikata kwa mkasi hadi juu, akaweka kiganja chake kwenye paja la baba mkwe, akachoma.

Dakika tano zikapita, akarudia. Mluzi ukapungua, mapigo yakarudi, na mzee akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyefika juu ya mlima.

Dokta Boniface alipotoka alisoma jalada na kumsifu. Lutufyo aliondoka bila kuaga. Nelson alipiga simu.

"Nashukuru baba amepona. Lakini Tulia, si ungemwachia hata nesi?"

"Nesi ana mikono miwili tu," alijibu, akakata simu. Hakuwa na mwingine wa kumpigia.

Asubuhi alifika wodini, akasimama nyuma ya pazia la kitanda cha mzee. Kuingia hakuweza, kuondoka hakutaka. Ndani, mzee alikuwa akizungumza na Imakulata.

"Yule daktari wa jana mwambie ndaga fijo. Asante sana. Kanirudisha huyo."

"Ni mkamwana wako, baba."

Mzee alijiinua, kitanda kikalia.

"Hapana. Mkamwana wangu ana heshima zake. Hajanitaja, hajanigusa, wala sijamwona. Na nyumbani atakayeuliza, nitamwambia hivyohivyo."

Tulia alielewa. Mzee alikuwa akimkinga. Baada ya neno hilo hakuna wa Matwebe ambaye angemnyooshea kidole. Ilikuwa hisani kubwa, na aliujua ukubwa wake. Lakini ilimchoma. Alitaka aitwe mwanangu, mara moja tu, na mtu ambaye yu hai kwa mikono yake.

Akafungua jalada palepale nyuma ya pazia, akaandika kama daktari mwingine yeyote kwamba mgonjwa anaweza kuruhusiwa kesho, ndugu zake wapigiwe simu waje kumchukua.