Kila Asubuhi Nilimpa Bibi Habari za Msiba

Nimekosa, na sitafuti pa kujificha. Nilimtesa mwanamke wa miaka themanini na kitu, asiye na kumbukumbu, na nilifanya makusudi. Jina langu liacheni. Waliokaa Louisville, huku ughaibuni, miaka ile wanaweza kunitambua, na wakinitambua, basi.

Mimi ni Mkongo wa Uvira. Mwaka 2014 nilikuwa nahudumia wazee majumbani, na Bibi huyu alikaa peke yake mtaa wa Okolona, pale pale Louisville. Binti yake alikuwa mbali, Gahanna, huko Columbus. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemrudisha utotoni. Kila asubuhi nikimletea chai aliuliza, "Walter amekuja?"

Walter alikuwa kaka yake, askari wa Marine, jeshi la majini. Picha yake ilikuwa ukutani, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye masikio makubwa. Binti alinieleza kwamba aliuawa katika vita vya pili vya dunia kwenye kisiwa kimoja cha Pasifiki, mwili haukupatikana mpaka leo, na Bibi wakati huo alikuwa na miaka kumi. Akaniagiza, "Mama akiuliza, sema yuko njiani." Nikasema hivyo miezi mingi, naye alifurahi, akala mkate wake.

Halafu kaka yangu mimi akauawa Fizi, kule kwetu. Walisema mwili umetupwa mtoni. Habari ilinifikia asubuhi, nikaenda kazini hivyo hivyo kwa sababu hakukuwa na wa kunishikia zamu. Nikawa naosha vyombo huku machozi yananitoka. Bibi akauliza nina nini. Nikamwambia. Akasema, bila hata kuacha kutafuna, "Huko kwenu si mnakufa kila siku? Mmeshazoea."

Mmeshazoea! Najua alikuwa mgonjwa. Lakini maneno yale hakuyaokota kwenye ugonjwa, alikuwa nayo siku zote. Damu ilinichemka. Nikasema moyoni, huyu atanijua.

Kesho yake akauliza kama Walter amekuja. Nikaweka chai mezani, nikamwangalia machoni. "Walter amekufa. Walimpiga risasi. Hata mwili hawakuupata, na hawatauleta."

Sauti aliyotoa sitaieleza. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Baada ya saa moja alikuwa amesahau, anatazama televisheni. Siku iliyofuata akauliza tena, nikamwambia tena. Wiki tatu nzima! Kwake kila mara ilikuwa mara ya kwanza, nami nikawa namtazama nikisema kimoyomoyo, zoea basi, zoea tuone. Hakuzoea hata siku moja.

Asubuhi ya mwisho hakulia. Alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimwambie mama sasa. Hajala. Mwache ale kwanza, nitamwambia mimi."

Nikakaa. Kwetu mfiwa haambiwi akiwa na njaa, wala akiwa amesimama. Watu wanakuja, anakula, anakalishwa, ndipo mkubwa mmoja anasema. Mzungu aliyenitukana alikuwa na adabu ya msiba, na mimi niliyelelewa nayo nilikuwa nimeitupa. Tangu siku hiyo nikarudi kusema Walter yuko njiani, ila hakuniamini tena, kana kwamba safari hii kitu kilikuwa kimembaki moyoni.

Binti yake akamhamishia kituo cha wazee karibu na kwake. Mimi na mume wangu tukaenda Buffalo, tukapanga mtaa wa East Side. Mwaka uliofuata binti akanipigia simu. Mama yake kila asubuhi anasukuma sahani, anakwenda kukaa mlangoni. Anasema hawezi kula kabla mama yake mwenyewe, aliyekufa zamani, hajala, kuna habari anatakiwa kumpa. Hawaelewi ni habari gani, na amekonda sana.

"Wewe uliyekaa naye, unajua ni nini?"

Nikasema sijui.

Bibi alikufa kabla theluji haijayeyuka. Binti alinitumia kadi ya kunishukuru kwa upendo niliomwonyesha mama yake. Nilimpelekea dada mmoja wa kanisani, nikamweleza yote. Akaisoma ile kadi mpaka mwisho, akanirudishia.

"Bon," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa ndani. "Donc kila asubui ulikuwa unamuuwa kaka yake tena. Ata adui haumufanyie vile. Na ile kadi ukaipokea?"

Niliipokea. Ninayo mpaka sasa, na kazi ya wazee niliiacha. Siku hizi nafunga maboksi kiwandani, ambako siwezi kumuumiza mtu.

Ninyi mnaohudumia wazee, mtatukanwa, na mengine mtakayotukanwa yatawafika kwenye mfupa. Siku hasira ikikushika, vua glavu, piga simu ofisini, ondoka. Mimi nilibaki nikalipiza kisasi, tena nililipiza barabara. Aliyenitukana alikuwa bibi kizee. Aliyekaa mlangoni na njaa, akimsubiri mama yake amalize kula, alikuwa mtoto wa miaka kumi.