Sikio la Kushoto la Isdori

Jumapili Isdori alipiga kinanda katika kanisa la kigango cha Mpui na kuongoza kwaya. Siku nyingine zote alisaga mahindi. Mashine ile ya dizeli ilikuwa ndani ya chumba cha bati kisicho na dirisha, na mtu akitaka dona au sembe alionyesha kwa mkono, kwa sababu humo ndani hata ukipiga kelele husikiki. Alianza kazi hiyo kabla hajamwoa Debora. Jioni alirudi nyumbani na unga kwenye nyusi, masikio yakilia kama mtu anayevuta bati juu ya bati, na baada ya kuoga na kula mlio ulipungua. Baadaye ukawa haupungui tena, naye akauzoea.

Muziki alifundishwa na katekista Romani, marehemu sasa, kwa nota za do-re-mi. Alikuwa na sikio ambalo watu wa kwaya walilizungumzia hadi vigango vya jirani. Wimbo akiusikia mara moja redioni, keshoye anao wote, sauti ya kwanza hadi besi. Hilo ndilo jambo alilojivunia maishani. Shamba lake lilikuwa dogo, nyumba ya tofali mbichi, shule aliishia la saba. Lakini sikio alikuwa nalo.

Mwaka juzi, wakati wa baridi, mkanda wa mashine ulikatika akaenda Sumbawanga kutafuta mwingine. Alipita kwa Jafeti, fundi simu, kijana wa Mbeya ambaye naye hupiga gitaa la besi kanisani kwao. Kibandani kulikuwa kunalia piano. Isdori alisimama mlangoni asiingie.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Huo ni muziki gani?"

"Jazi hiyo."

"Jazi naijua. Marehemu baba alicheza dansi la bendi za jazi tangu ujana wake."

Jafeti akacheka. "Hii ni nyingine, mwalimu. Sikiliza mkono wa kushoto. Sisi tunabonyeza do, mi, so, tunaridhika. Huyu anaongeza ya nne, halafu ya tano, na haigombani na wenzake."

Isdori alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba urudiwe. Alijaribu kuziimba zile sauti moja moja, asiweze kuzitenganisha, na hilo lilimshangaza, maana halikuwahi kumtokea.

"Vinafundishwa wapi vitu hivi?"

"Kwenye simu. Zipo programu nyingi. Nikuwekee, utachagua mwenyewe."

Akaondoka na mkanda wa mashine, spika za masikioni, na programu nne ndani ya simu.

Ya kwanza aliifuta upesi. Ilitaka mtandao kila ukiifungua, na Mpui mtandao unakuja na kuondoka. Ya pili kila baada ya zoezi ilileta tangazo la kubeti, na Debora aliyekuwa akichungulia akauliza kama huko ndiko kujifunza muziki. Ya tatu ilikuwa ya Kiingereza, lakini ilionyesha picha ya kinanda na vibonyezo vya kubonyeza vikiwa vimepakwa rangi, hata asiyejua Kiingereza angefuata. Akaibakiza.

Ya nne ndiyo aliyoipenda kabla hajaitumia. Ilikuwa ya kupima sikio: inapigwa sauti moja, inafuata ya pili, nawe useme zimeachana kwa kiasi gani. Ukipatia inatokea alama ya kijani, ukikosa nyekundu. Isdori alikaa mlangoni pa nyumba yake kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi.

Ikaja nyekundu. Akajaribu tena, nyekundu. Za chini alipatia, lakini sauti zilipopanda juu alikosa moja baada ya nyingine, vitu ambavyo hata watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, wangevijibu.

"Hii mbovu," akamwambia Debora. "Aliyeitengeneza hajui do wala re."

Aliifuta. Alipokwenda tena mjini akamwomba Jafeti nyingine ya aina hiyo. Nayo ikamkatalia vilevile. Akaweka nyingine tena. Nyumbani ukali ukaingia. Alikula bila kuongea, na siku moja alizitupa zile spika uani kuku wakatawanyika.

"Tangu lini unanuniana na simu?" Debora aliuliza.

Hakujibu. Labda hakusikia. Debora alikuwa amezoea kurudia maneno.

Na kwaya nayo ilikuwa na shida zake. Kwa muda mrefu Isdori alikuwa akiwagombeza sauti ya kwanza. "Mnashuka! Pandisheni!" Redempta, mwenyekiti wa kwaya, mama mtu mzima, aliwahi kumwambia taratibu, "Mwalimu, mbona hatujashuka?" Isdori alimjibu kwamba kama anajua zaidi aje apige kinanda yeye. Aliyeumia zaidi ni Coleta, binti aliyeimba sauti ya kwanza vizuri kuliko wote. Isdori alimsimamisha mbele ya wenzake akamwimbisha mstari mmoja peke yake, tena na tena, akimwambia hajapata, mpaka binti akalia akatoka nje. Hakurudi. Na wengine wakaacha, mmoja mmoja.

Siku iliyofuata ya kwenda mjini aliiweka simu na zile spika mbele ya Jafeti.

"Hizi spika ulizonipa ni mbovu. Upande mmoja unalia juu kuliko mwingine."

Jafeti akazivaa, akasikiliza. "Ziko sawa."

"Haziko sawa. Vaa tena."

Jafeti akachukua nyingine, mpya, akampa. Akabonyeza sauti moja kwenye simu. "Weka kulia. Umesikia? Sasa toa, weka hiyo hiyo kushoto."

Isdori aliweka kushoto. Ilikuwa sauti nyingine. Imeshuka kidogo, na imekwaruza, kama kinanda kimeingia maji.

"Umebadilisha."

"Sijagusa kitu, mwalimu."

"Rudia."

Jafeti alirudia. Kisha akajifanya anatafuta bisibisi. Isdori alikaa na ile spika mkononi. Barabarani watu walipita na mizigo yao, midomo yao ikienda, naye akagundua kwamba amekuwa akiitazama midomo ya watu kwa miaka.

Hospitalini mjini daktari alimkagua, akamuuliza kazi yake, na aliposikia mashine akauliza tu injini iko upande gani. Alisema kelele zimeua kilicho ndani ya sikio, kushoto zaidi kwa sababu ndiko injini iliko, na kilichokufa humo hakirudi. Wapo watu, alisema, ambao kila sikio husikia sauti ileile kivyake. Kwa kipimo kamili aende Mbeya.

"Nikiziba kwa pamba?"

"Pamba haisaidii sana. Ungeacha hiyo kazi, mzee."

Hakuiacha. Alijaribu kuuliza kazi nyingine, hapakuwa na kitu. Kigangoni alimkabidhi Edwin, mwalimu wa shule ya msingi, funguo za kinanda, akasema macho yanamsumbua. Redempta peke yake ndiye aliyemtazama sana. Akasema, "Pole, mwalimu," polepole, akiikunjua midomo vizuri ili aisome.

Programu zote za kupima sikio alizifuta. Aliibakiza ile yenye vibonyezo vya rangi, na kupitia hiyo alizijua sauti nne nne na tano tano za jazi kwa vidole na macho. Alizibonyeza juu ya kioo. Debora akimuuliza zinaliaje, alisema hajui.

Kabla ya kuvuna alikwenda kwa kina Coleta. Binti alikuwa akipepeta maharage. Isdori alibaki amesimama, akaeleza yote: mashine, masikio, daktari.

"Ulikuwa unaimba sawasawa," alisema. "Siku ile, na siku zote. Mkosaji nilikuwa mimi. Rudi kwaya, Edwin atakupokea."

Coleta aliendelea kupepeta. Alisema kitu huku ameinama.

"Sijasikia, binti yangu. Inua uso."

Akainua uso. "Nimesema nilishaacha kuimba, mwalimu. Hata jikoni siimbi. Nikianza tu nasikia ninashuka."

Isdori akaaga. Asubuhi iliyofuata Masanja, mmoja wa wateja, alikuwa amekwisha kufika mashineni na mkokoteni wa ng'ombe, magunia yamejaa, na wanawake wamepanga madebe yao mlangoni. Isdori akasokota pamba, akaitia masikioni, akawasha mashine.