Chewa wa posa alivyonifanya nione maji ya mtungi yanaunguza

Wakuu, habari za mihangaiko. Nawaletea kisa changu mwenyewe, sijakisikia kijiweni. Atakayesema chai aje Kigombe, atapewa chai ya kweli.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule ya msingi nikashika nyavu, wadogo zangu wakakua mikononi mwangu. Kwa hiyo mdogo wangu Saumu alipopata mchumba wa Moa, posa ilikuwa inakuja kwangu. Baba ni mimi, ndevu bado zinajikongoja.

Asubuhi ya posa rafiki yangu mvuvi akatuletea chewa mkubwa, zawadi. Samaki wa heshima hasa. Shangazi akakata kipande, akampa paka.

Msicheke. Kwetu samaki mkubwa wa mwambani anaonjwa na paka kwanza. Paka akila akabaki mzima, bismillahi.

Paka akala, akajilamba, akalala. Shangazi akaanza kupika mchuzi wa wageni.

Kichwa na maini vikachemshiwa supu ya ndimu. Tangu baba aondoke, kichwa ni haki yangu. Nikakaa nacho kama sultani, nikanyonya mpaka mifupa.

Nikiwa katikati ya supu akapita Dada Rehema, mtafiti aliyepanga nyumba ya jirani. Kazi yake ni kuzamia, kukwangua majani kwenye matumbawe yaliyokufa na kuyatia kwenye chupa. Pia huomba maini ya samaki, wala hayali. Nusu ya kijiji wanamwona mchawi.

"Kaka, maini ya huyo chewa mnayo?"

"Nayamalizia," nikamjibu, nikajiona mchekeshaji.

Adhuhuri midomo ikaanza kuniwasha, kisha vidole. Tumbo likafunguka, nikawa mimi na choo tu. Nikanywa maji ya mtungi. Wakuu, yaliniunguza! Maji ya baridi yaliniunguza ulimi kama uji wa moto. Nikatupa kata.

Shangazi akatoa hukumu: "Hiyo hofu ya wakwe. Kama si hofu, basi ni jini la baharini, tukamtafute shehe."

Saumu hakusubiri shehe. Akamkimbilia Rehema.

Dada yule aliponisikia nasema maji yanaunguza, utani ukamtoka usoni.

"Paka mlimpa sehemu gani?"

"Mkia," shangazi akajibu kwa fahari.

"Na kaka kala nini?"

Shangazi akatazama bakuli langu lililojaa mifupa ya kichwa. Hata paka aliamka.

Akatueleza kwamba kwenye matumbawe yaliyokufa huota vijimea vya mwani visivyoonekana kwa macho, na baadhi vina sumu. Samaki wadogo wanavila, chewa anawala wao, sumu inarundikana mwilini mwake, hasa kichwani na kwenye maini. Haina harufu wala ladha. Moto hauiui, ndimu haiiui.

"Siwezi kuapa mpaka samaki apimwe," akasema. "Lakini mimi nisingempa mtu mchuzi huo."

Shangazi akakumbatia sufuria. "Wageni wako njiani! Unataka Saumu avunjiwe posa? Watasema yatima hawa hawana hata kitoweo!"

Wakuu, hapo ndipo penyewe. Nikimwaga, huenda ndoa ya mdogo wangu imemwagika nayo. Nisipomwaga, nawalisha wakwe kitu kilichonilaza.

Nilisimama nimeshika ukuta, nikasema, "Mimi ndiye mkubwa hapa. Kimwagwe."

Rehema akachukua kipande cha kupima. Kilichobaki tukakifukia shimoni ili kunguru nao wapone.

Wageni wakafika, wakawekewa wali na kisamvu alichotuletea jirani. Ami yake bwana harusi, mzee mwenye ulimi, akafunua bakuli.

"Tumetoka Moa kote kule kuja kula kisamvu? Kwetu hakuna mihogo?"

Shangazi akatamani ardhi impasukie. Mimi nikatoka chumbani, miguu kama ya kuazima.

"Shikamoo mzee. Samaki alikuwepo, mkubwa. Nimemla mimi kwanza, na hali yangu ndiyo hii. Nimemfukia. Hasira zako nimwagie mimi, Saumu hana kosa."

Mzee akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguu inayotetemeka.

"Tuliambiwa binti huyu hana wazazi," akasema. "Tukataka kujua kama ana mwenyewe. Nimemwona mwenyewe. Haya pakueni, halafu mtu ampeleke huyu hospitali, asitufie kabla ya mahari."

Nikatundikiwa dripu. Baridi iliniunguza kwa wiki kadhaa; kuoga kulikuwa jihadi. Majibu ya maabara yakaja Saumu ameshaolewa: sumu ilikuwemo.

Nilichojifunza: paka si maabara. Chewa mkubwa wa mwambani, kichwa na maini achana navyo. Ukila samaki midomo ikafa ganzi na baridi ikakuunguza, wahi hospitali na uwaambie ulichokula. Shehe atakuombea hukohuko wodini.

Wadau wa pwani, kwenu wazee walikuwa wanapima samaki kwa kutumia kitu gani? Na kuna aliyewahi kupatwa na haya? Semeni, hata kama ni ya aibu.