Tochi ya Bluu Ndani ya Chumba cha Giza

Nacheka sasa, lakini siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke nijifiche. Ilikuwa miaka ya hamsini, nikiwa fundi msaidizi katika studio ya picha pale Thika, mjuaji kuliko mwajiri wangu, Bwana Mwangi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa Ruiru kupiga picha za ubatizo.

Akaja Mama Wanjiru na binti yake aliyeolewa majuzi, na wakwe wote, kuchukua picha za harusi. Moja ilikuwa ya nyanya wa bibi harusi, mara yake ya kwanza na ya mwisho kupigwa picha, maana alizikwa wiki moja baada ya harusi. "Ngojeni hapo hapo, nawasafishia sasa hivi," nikajitapa (nani aliniuliza?).

Mle ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha, taa nyekundu iliwaka siku zote. Mimi nilidhani mwanga ni kama maji: mwingi unajaza ndoo, kidogo haudhuru mtu, sasa taa kubwa vile si itaharibu picha ya marehemu? Nikaizima, nikawasha tochi ndogo niliyoifunga kitambaa cha bluu, mwanga hafifu hata vidole vyangu sivioni vizuri, nikajipongeza.

Nikatoka na karatasi sita. Zote nyeusi tii.

"Haiya!" Mama Wanjiru akasema. "Kwani tulifanyia harusi ndani ya tanuru?"

Badala ya kukiri nikasema zikikauka zitang'aa, nikazianika kwa kamba barazani, wakwe wakakaa kuzitazama, wapita njia nao wakasimama, mpaka umati mzima ukawa unangoja nyanya atokee. Bibi harusi akaangua kilio, akimlilia nyanya yake: "Cucu ameenda mara ya pili!"

Bwana Mwangi akashuka kwenye baiskeli, akauliza nimewasha nini, nikamwambia.

"Mwanga huja vipande vipande," akasema. "Kipande chekundu ni kinyonge. Hata vije milioni, kila kimoja kinagonga karatasi peke yake na kushindwa. Cha bluu kina nguvu. Wewe umewafungia wanyonge mlango ukamfungulia mwizi. Filamu uliyotolea picha hizi iko wapi?"

Nikaitoa. Akaiinua juani, nikafumba macho.

"Iko salama. Ilishasafishwa, haiogopi mwanga tena."

Nilishusha pumzi hadi nikakaa chini. Saa kumi haijafika, Cucu alitokea polepole kwenye karatasi mpya ndani ya beseni la dawa, chini ya taa nyekundu, akitabasamu kwa meno yake mawili, na Mama Wanjiru, aliyesimama kando yangu, akanishika mkono.

Tangu hapo nisichokijua nauliza kwanza. Tochi nilimpa Mama Wanjiru, na nilisikia alikuwa akimulikia kuku tu.