Kopo la Mjane

Mpaka leo hasira hunipanda nikimkumbuka yule daktari na fomu zake. Alikuja mji wetu wa Mahajanga bendera yetu ya uhuru ikiwa bado mpya, na sanduku la vidonge vya ugonjwa wa huzuni, ule unaomlaza mtu mwezi baada ya mwezi. Vidonge vilikuwa vipya, naye alitaka kuandika ripoti juu ya nguvu ya dawa hiyo. Mimi nilikuwa muuguzi, binti wa Kingazija kutoka kisiwa cha Nosy Be. Kazi yangu ilikuwa kumfasiria na kumjazia fomu.

Mtaa wa Tsaramandroso tulimkuta mjane aliyekuwa akikaa eda. Alikaa nyuma ya pazia, hana wanja wala manukato. Daktari aliuliza, nami nikajaza: hajipambi, ndiyo, haongei na wageni, ndiyo, hatoki nje, ndiyo. Nikamwambia kwa Kifaransa, "Daktari, huyu ni dini imemweka ndani, miezi minne na siku kumi. Tukiwa wawili anashona kofia na kunicheka."

"Wewe fasiri tu," akanijibu.

Nikafasiri. Kila wiki nikampelekea vidonge.

Kisha tukaenda Nosy Be. Botini, tangu bandari ya Antsahampano mpaka tunashuka Andoany kisiwani, nilikuwa nikimwomba Mungu, maana mgonjwa niliyetaka amwone alikuwa mama yangu. Karibu mwaka mzima mama alilala akiutazama ukuta. Hakulia, hakula ila kwa kusihiwa. Mara mbili jirani alimkuta ameketi ukingoni mwa kisima, na hakuweza kusema alifuata nini.

Lakini mgeni ni mgeni. Aliposikia daktari yuko mlangoni, mama aliinuka, akapaka liwa usoni, akajifunga leso safi, akamimina chai. Kila alichoulizwa alijibu kwa tabasamu kwamba anamshukuru Mungu. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Wasemao hivyo hawakulelewa na mama yangu. Kumlalamikia mgeni kwake ilikuwa aibu kuliko kufa. Nilimsihi daktari angoje kidogo tu, mpaka chai iishe. Akaichukua fomu mkononi mwangu, akafunga kalamu yake.

"Mama yako ana afya kunishinda. Vidonge si peremende."

Tulipotoka nilirudi ndani kumchukulia daktari mwavuli wake. Mama alikwisha kuugeukia ukuta, liwa bado usoni.

Huko Mahajanga eda ikaisha. Mjane akaoga, akavaa nguo mpya, akajifukiza udi, akatoka kutembelea jamaa. Daktari alipomwona akisalimia watu kwa sauti, nusura acheze ngoma. Akampiga picha, akaandika: amepona kabisa. Siku ileile mjane akaniita jikoni, akanipa kopo la maziwa. Vidonge vyote vilikuwa ndani.

"Nilivipokea nisikuvunjie heshima, mwanangu," alisema. "Mimi nimefiwa, siumwi."

Nilipaswa kulirudisha. Nikaomba likizo, nikalipeleka kwa mama, nikampa kwa kipimo kilekile. Wiki mbili sikuona kitu, nikajiona mjinga na mwizi. Wiki ya nne aliniuliza mbona nimekonda. Kisha akaomba nazi, akakuna mwenyewe, akanigombeza kwa kuchoma wali. Sijapata kugombezwa kutamu vile.

Kopo lilipokaribia kwisha nilirudi Mahajanga mbio, nikamweleza daktari kila kitu: mjane hakumeza hata kimoja, mama amemeza na ameamka. Nikamwomba anifukuze kazi akitaka, ila mama apate vidonge.

Hata hakukasirika. Alisema ripoti imekwisha kwenda Ulaya, na mjane amepona. Mama yangu hayumo katika orodha, na kwa fomu yake hajapata kuumwa. Akanisukumia ile fomu. Mwandiko ulikuwa wangu: anapokea wageni, ndiyo, anatabasamu, ndiyo.

Mwezi haukuisha. Jirani alikwenda kisimani kumtafuta mama, na safari hii ilimbidi aite wanaume na kamba.

Daktari alivuka bahari kuja kunipa pole, tena kwa upole. Nilitaka kumtemea mate, nilitaka kumwita muuaji mbele ya majirani wote. Nikamkaribisha. Nikammiminia chai katika vikombe vya mama, nikamwambia tunamshukuru Mungu. Akanitazama usoni, akasema amefurahi kuona naendelea vizuri.