Piko ya Tsawe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda Gede kununua sabuni, nikirudi Kakuyuni majirani wananipa pole ya safari. Kwa hiyo akina mama wa kanisa walipogawana watu wa kuonyeshwa upendo, wale wasiosali nasi, mimi nilipewa mzee wa ng'ambo ya ua wangu.

"Huyo hata wewe utamfikia," mwenyekiti wetu alisema. Walicheka wote.

Mzee huyo nilimwita Tsawe, ndiyo babu kwa lugha yetu, naye aliniita mke wake, kama babu wa kwetu anavyomtania mjukuu, ingawa mimi mwenyewe nina wana wakubwa. Hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Nyuma ya nyumba yake vilisimama vijiti vya koma, vilivyochongwa kwa ajili ya ndugu zake waliokufa, na kila akipata pombe ya mnazi aliwamwagia wao kwanza, halafu akanywa yeye.

Nilimkuta mlangoni na kipande cha kioo mkononi.

"Mke wangu, weupe umeshafika masikioni."

Huo haukuwa utani. Kwetu mzee akiwa na mvi na mtoto wa jirani akaugua, watu hawatafuti ushahidi mwingine: huyo ni mchawi. Mtoto wa mpwa wake alikuwa mgonjwa tangu mvua zianze. Mpwa mwenyewe, ambaye siku nyingi alilitamani shamba la mzee, alikuwa keshaacha kumwamkia.

"Shikamoo ikikatika," Tsawe alisema, "ujue panga linanolewa."

Nikamwambia aje kanisani abatizwe, watu watamwacha.

"Nibatizwe kwa kuogopa panga? Mungu wenu mtampelekea nini? Mwoga aliyelowa?"

Nimesoma mpaka kidato cha nne, na hata somo la dini nilipata D. Nikaenda zangu Gede, nikanunua piko, ile rangi nyeusi ya kupambia maharusi.

"Harusi ya nani?" muuza duka akaniuliza.

"Ya mume wangu."

"Maskini, na wewe ndiye unayempamba!"

Tsawe alikaa chini mbele ya kigoda changu, nikampaka piko kichwa kizima, na sikio moja kwa bahati mbaya. Akajitazama, akasema sasa atatafuta mke wa pili, asiyempaka masikio. Tangu hapo, kila mvi zilipochungulia nilizifukuza.

Kikaoni mwenyekiti akaniuliza nimemwambia nini kuhusu wokovu.

"Nimempaka piko."

"Upendo gani huo, mama, wa kumsaidia mtu kudanganya?"

Wakaamua twende wote, Jumapili baada ya ibada, tukamwombee. Nami nilikwenda, nimebeba kayamba. Tulivizunguka vile vijiti tukikemea kwa sauti ya kufika barabarani. Nia ilikuwa njema kabisa. Wengine walilia, na mwenyekiti alikuwa amemletea sukari. Tsawe alisimama mlangoni, kichwa cheusi kama cha kijana, akirudia, "Karibuni, ketini." Hakuna aliyeketi.

Mpwa wake alisimama uani kwake, mikono kifuani. Tuliponyamaza akasema, watu wote wasikie: "Hata kanisa limeona."

Mwenyekiti alibaki ameikumbatia ile sukari. Tulirudi bila kuimba.

Kesho yake nilikunja mkeka wangu nikauhamishia barazani kwa Tsawe. Sina karama ya kuhubiri, lakini kukaa, hapo mniachie. Nilichambua mchele pale, nikashona pale, nikasinzia pale, maana anayetaka kumkata mtu hapendi kutazamwa. Baadaye mwenyekiti naye akaja, bila Biblia, na ungo wa kunde.

"Sogea," akaniambia.

Tulimenya kunde, Tsawe akilalamika kwamba wake wamekuwa wawili na hakuna anayempikia.

Lakini jioni kila mtu hurudi kwake. Asubuhi moja tulimkuta mbuzi wake mlangoni, shingo imekatwa, nyama yote iko palepale. Kwetu nyama haiachwi. Tsawe aliitazama, akaingia ndani kufunga mzigo. Binti yake akaja kumchukua, ampeleke kwake Kuruwitu.

"Ndugu zangu wape cha kunywa," aliniambia.

"Tsawe, kumwaga siwezi. Imani yangu hainiruhusu. Kufagia naweza."

Akanitazama, nikadhani amekasirika.

"Basi fagia, mke wangu. Nao walipenda usafi."

Hakumaliza mwaka. Alifia kulekule, na kulekule akazikwa, mbali na ndugu zake, karibu na bahari ambayo siku zote alisema inapiga kelele bure. Mtoto wa mpwa alipona kwa dawa za hospitali. Mpwa alilima shamba lote, jembe likaishia hatua chache kutoka kwenye vijiti. Hapo hathubutu. Hapo nafagia mimi.

Juzi nilikuwa nimeinama na ufagio, leso ikanidondoka kichwani. Mpwa alikuwa akipita na jembe begani. Kijana huyu hajawahi kunipita bila shikamoo. Alisimama, akanitazama kichwa.

"Mama, na wewe umeanza kuota mvi," akasema, akaenda zake.

Hakuniamkia.